Mtihani wa Sebuleni

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sina chuki na Baba Mkubwa. Chuki ni neno dogo. Nilichonacho mimi ni kikubwa zaidi, nakitunza vizuri, nakimwagilia maji kila asubuhi, na nitakieleza hapa kwa utulivu unaomstahili mzee aliyestaafu kwa heshima zote.

Mama anafanya kazi hazina ya manispaa. Anakagua hati za malipo kabla pesa haijatoka: nani ameomba, nani ameidhinisha, mzigo umefika kweli au umefika kwenye karatasi tu. Watu wa idara nyingine wanamwita Kizingiti, na wanadhani hajui. Anajua, na analipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Miaka miwili iliyopita alijiandikisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa fedha za umma, kwa masafa. Chuo kiko mbali kiasi kwamba hajawahi kuliona hata geti lake. Mihadhara inakuja kwa mtandao, kazi zinatumwa kwa mtandao, na mhadhiri wa somo la bajeti tunamjua nyumba nzima kwa sababu ya mafua yake yasiyopona. Mama anasoma alfajiri kabla ya kwenda kazini. Anasoma jikoni, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye chupa ya chai. Anasoma kwenye foleni ya benki. Kila nikirudi likizo kutoka bweni namkuta amekonda mwili na kunenepa maneno. Zamani alinigombeza kwa kusema, "Umemaliza sukari." Siku hizi anasema, "Matumizi yako ya sukari hayana idhini."

Tatizo la kusoma kwa masafa ni kwamba hakuna anayeamini kuwa unasoma. Mtu akipanda basi, akaenda chuoni, akalala darasani mpaka jioni, huyo ni msomi. Mtu akikaa mezani kwake na kompyuta, huyo yuko nyumbani, na aliyeko nyumbani ana nafasi. Jirani anakuja kumwachia mtoto. Shangazi anapiga simu, anaongelea goti lake mpaka goti lenyewe linachoka, kisha anauliza, "Kwani nimekukatiza kitu?" Mama akisema anasoma, watu wanazungusha macho chumba kizima wakimtafuta mwalimu.

Kiongozi wa wasioamini alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba. Alikuwa mhasibu mkuu wa idara nzima ya serikali. Alistaafu wakati kompyuta zinaingia, na nasikia walipishana mlangoni bila kusalimiana. Mpaka leo huvaa koti lenye kalamu mfukoni, hata akienda kunyolewa. Shahada ya Mama anaiita digrii ya kuagiza. Anauliza mbele ya wageni, "Ile digrii yako ya kuagiza imefika wapi, shemeji? Imeshavuka forodha?"

Wageni wanacheka. Baba naye anacheka, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kuota meno, kwa sababu Baba hacheki kwa kufurahi. Baba Mkubwa ndiye aliyemlipia ada ya chuo cha ufundi. Leo Baba ni fundi wa majokofu mwenye karakana yake mwenyewe, lakini tangu ada ile ilipwe, milango yote ya nyumba yetu imekuwa mali ya kaka yake. Habishi hodi. Anaingia akiwa tayari katikati ya sentensi.

Mtihani wa mwisho wa Mama uliwekwa asubuhi ya Jumamosi, na msimamizi wake alikuwa kamera ya kompyuta. Sheria zilitumwa mapema, na Mama alitusomea mezani kwa sauti ya hakimu. Mtahiniwa akae peke yake chumbani. Mtahiniwa asiongee. Asionekane wala asisikike mtu mwingine. Ikitokea hivyo, mtihani unajifunga wenyewe na suala linakwenda kwenye kamati ya maadili. Mtahiniwa akikutwa na hatia ya kusaidiwa, anafukuzwa, na masomo yote aliyokwisha kufaulu yanafutwa.

"Yote?" Baba aliuliza.

"Yote. Miaka miwili."

"Kwa sababu tu mtu kaonekana?"

"Kwa sababu mtu kaonekana ananisaidia. Lakini mashine haijui tofauti. Kwa hiyo asionekane mtu."

Tulijiandaa kama watu wanaotarajia mafuriko. Mtandao ulikuwa unashika vizuri sebuleni tu, kwa hiyo sebule ilifanywa ukumbi. Tulishusha picha ya marehemu babu ukutani, kwa sababu babu kwenye ile picha anamkazia mtu macho, na Mama aliogopa kamera ingemhesabu. Redio ilifungiwa kabatini. Getini nilibandika karatasi yenye maandishi makubwa: MTIHANI UNAENDELEA. USIINGIE. HATA WEWE.

"Toa hilo neno la mwisho," Mama alisema.

"Ndilo lenye kazi, Mama. Kila anayesoma tangazo huwa anadhani linamhusu mwenzake."

Alitaka kucheka akaahirisha. Tukagawana ulinzi. Mimi nilipewa mambo ya nje: watoto, wauzaji, mbwa wa jirani. Baba alipewa mlango wa sebule, na kiti cha kukalia.

"Asiingie mtu yeyote," Mama alimwambia.

"Yeyote."

"Hata nani?"

"Hata mimi mwenyewe," Baba akasema, akajipiga kifua.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kupitia pembe ya dirisha nilimwona Mama akizungusha kompyuta kuionyesha chumba, dari, chini ya meza, hata masikio yake, kuthibitisha kwamba hajaficha kitu. Kisha akakaa, akavuta pumzi, akaanza kuandika. Nimeona watu wakifanya mitihani shuleni. Wengi wetu tunaandika kama watu waliowekewa kisu shingoni. Mama aliandika kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi aulizwe.

Ndipo fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara alipowasha mashine yake ya kusagia chuma. Nikavuka kwenda kufanya diplomasia.

"Fundi, shikamoo. Pale kwetu kuna mtihani."

"Marahaba. Mtihani Jumamosi? Wa nani?"

"Wa Mama."

"Mwanafunzi si wewe?"

"Tumebadilishana."

Alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi. "Nina geti la watu hapa. Mwenyewe anakuja kulichukua mchana."

"Nipe mpaka amalize. Nitakuja kukupigia rangi hilo geti, sitaki hata shukrani."

"Wewe? Nakujua wewe. Utaniandikia matusi humo."

"Nitayaandika kwa mwandiko mzuri."

Alikuwa anafikiria, na mashine alikuwa ameizima, nilipoiona gari ya Baba Mkubwa ikisimama mbele ya geti letu. Alishuka. Alisimama mbele ya tangazo langu, akalisoma akifuatisha maneno kwa kidole kama anayetafuta kosa kwenye jumla ya hesabu. Akalimaliza. Akasukuma geti, akaingia.

Nilimwacha fundi na mawazo yake nikakimbia. Nilipofika barazani, Baba alikuwa amesimama na kiti chake kimeanguka nyuma yake.

"Karibu kaka, ila shemeji yako yuko kwenye mtihani."

"Mtihani gani wa sebuleni?"

"Wa chuo. Tukae hapa nje kidogo."

"Nikae nje? Nyumba ya mdogo wangu, nikae nje kama mtu anayedai?"

"Hapana kaka, si hivyo."

"Basi sogea."

Baba akasogea. Nililiona kwa macho yangu na nitalisema mbele ya mahakama yoyote: hakusukumwa, hakushikwa. Alisogea mwenyewe, kama pazia.

Mtu mwingine yeyote angeingia, akasalimia, akaulizia chai. Baba Mkubwa aliingia akaona swali la hesabu za serikali kwenye kioo. Maisha yake yote ya kazi, swali kama lile lilikuwa likiletwa mezani kwake na haliondoki bila jibu lake. Akavaa miwani. Akainama mpaka kichwa chake kikakaa ubavuni mwa kichwa cha Mama, wote wawili ndani ya kamera kama picha ya harusi. Akanyoosha kidole kwenye kioo na kuanza kujibu. Wakati huohuo fundi, baada ya kuona mjumbe amekimbia kabla ya mapatano, akawasha mashine.

Mama hakugeuza kichwa. Niliona midomo yake. "Shemeji, toka." Kisha, "Shemeji, nakuomba utoke."

Kidole kiliendelea kugonga kioo. Kioo kikawa chekundu. Mtihani umefungwa.

Baba Mkubwa akajinyoosha mgongo. "Si unaona, imezimika. Ndiyo maana nasema digrii za mashine hazifai." Kisha akamgeukia Baba. "Nimekuja kukwambia, jokofu langu halipoi."

Mama aliondoa vidole juu ya kompyuta. Halafu alinyanyuka, akaenda chumbani, akafunga mlango bila kelele yoyote. Mlango ukibamizwa unajua mtu ana hasira ya kawaida, itapita. Ule ulifungwa kama jalada la kesi. Na Baba, nyuma yangu, nilimsikia anauliza, "Linatoa mlio, kaka, au liko kimya tu?"

Barua ya chuo ilifika Jumatatu. Kamati ilikuwa imeona kwenye rekodi mwanamume akimwonyesha mtahiniwa swali na kuzungumza, na mtahiniwa akizungumza naye. Maneno hayakusikika kwa sababu ya mngurumo mkubwa. Mtahiniwa anaruhusiwa kujitetea kwa njia ya video mbele ya kamati yenye maprofesa watatu, mwenyekiti akiwa ndiye aliyetia saini barua. Mtu aliyeonekana anaombwa naye atoe maelezo, kwa kuwa bila maelezo yake kamati italazimika kuamua kwa picha peke yake.

"Picha peke yake inanifukuza," Mama alisema. Alikuwa hajavua viatu vya kazini.

Alimpigia Baba Mkubwa akaweka sauti ya nje.

"Shemeji, naomba uwaambie jambo moja tu. Kwamba uliingia bila kuitwa."

"Bila kuitwa? Nyumba ya mdogo wangu naitwa?"

"Nilikuwa kwenye mtihani, shemeji. Ukasababisha ufungwe."

"Nimekusaidia, unanishtaki. Mimi nimeketi mbele ya kamati za bunge, leo nikajieleze kwa watoto ndani ya simu?" Akakata.

Baba akaenda mwenyewe kumbembeleza. Alirudi jioni akiwa amebeba mota ya jokofu mabegani, amepewa aitengeneze. Kuhusu kamati, alisema kaka yake atafikiria. Mama aliitazama ile mota namna ambayo hata mimi, niliyezoea kutazamwa vibaya na walimu, sikutamani kuwa mota.

Haikuishia hapo. Kama angekaa kimya ningemsamehe, yaani ningemwekea tu chumvi kwenye chai basi. Lakini Baba Mkubwa alianza kusimulia. Shangazi mwenye goti alipiga simu kumpongeza Mama: amesikia kwamba alikuwa amekwama kabisa kwenye mtihani, analia, na shemeji yake akamwonyesha njia. Jirani aliyekuwa akileta mtoto naye amesikia. Mpaka fundi wa kuchomelea aliniuliza kama ni kweli mzee ndiye aliyefanya mtihani. Mama alikuwa anashtakiwa kwa kusaidiwa, na shahidi wake pekee alikuwa anazunguka mjini akitangaza kwamba alimsaidia.

"Nipeni saa moja na gari yake," nilisema wakati wa chakula. "Hamtaniuliza chochote, na mimi sitajua chochote."

"Kula," Mama alisema.

"Basi naweza kuigiza sauti yake. Kamati haimjui. Naweka kamera mbali, navaa koti..."

Mama aliweka kijiko chini. "Mimi kazi yangu ni kurudisha hati za uongo. Kila siku mtu ananiletea hati ya mzigo ambao haukufika, na ananiambia, si karatasi tu, saini. Leo nisaini ya kwangu?"

Nikatoa vyombo mezani. Nilipanda kitandani bila kupendekeza hila nyingine, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia ya nyumba hii. Ndipo nikaanza kuona kwamba tulikuwa tunamwomba Baba Mkubwa jambo asiloweza. Tulitaka akiri kosa. Hakukuwa na haja ya kukiri. Asubuhi nilimfuata Mama jikoni.

"Lile swali lilisemaje?"

"Manispaa imepokea dawa za zahanati mwishoni mwa mwaka wa fedha, itazilipa mwaka unaofuata. Gharama iandikwe mwaka upi."

"Wewe uliandika nini?"

"Mwaka wa kupokea. Dawa zimefika, deni limeshazaliwa. Kulificha mpaka siku ya kulipa ni kuwadanganya wananchi."

"Yeye alikwambia nini?"

"Mwaka wa kulipa. Pesa haijatoka, hakuna kilichotokea. Ndivyo walivyofanya enzi zao."

"Na ulichoandika kimebaki kule chuoni?"

"Mistari miwili, kabla haijafungwa." Akaacha kukoroga uji.

"Basi asikiri chochote, Mama. Aende tu akajisifu."

Alizima jiko. Niliona amekwisha kuelewa, na kwamba haimpendezi hata kidogo. "Usimdanganye," alisema. "Neno moja la uongo ukimwambia, sitaingia kwenye hicho kikao. Nitawaachia digrii yao."

Huo ndio mtego mgumu kuliko yote niliyowahi kutega, kwa sababu nilitakiwa kuutega kwa ukweli mtupu. Nilimkuta Baba Mkubwa barazani kwake na gazeti.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, binti. Wamekufukuza shule?"

"Bado. Ni likizo."

"Mama yako amekutuma uje kunilaumu."

"Nimeleta ujumbe wa chuo. Kuna maprofesa watatu wanataka kusikia ulivyolijibu lile swali."

Gazeti lilishuka kidogo. "Wanataka kusikia?"

"Sauti haikusikika, ile mashine ya fundi iliharibu. Wameona kidole tu. Jibu lenyewe hawajalipata."

"Hawajalipata." Akalikunja gazeti. "Na wanalitaka."

"Wameandika kwamba bila maelezo yako wataamua kwa picha tu."

"Kwa picha. Umeona wasomi wa siku hizi." Alikaa vizuri. "Vijana hao?"

"Mwenyekiti ana mvi. Namwona kwenye mihadhara ya Mama."

"Niwaeleze kwa ufupi au kwa kirefu?"

"Kama ilivyotokea, Baba Mkubwa. Yote. Usipunguze kitu."

"Mimi si mtu wa kupunguza." Hilo nililikubali kwa moyo wote. "Nivae tai?"

"Ile ya bluu inakupendeza," nilisema. Ilikuwa kweli, na iliniuma.

Siku ya kikao alikuja ameivaa. Alikaa mbele ya kompyuta kwenye kiti cha Mama, na Mama akakaa pembeni kwenye stuli ya jikoni, mikono mapajani. Baba alisimama nyuma karibu na ukuta. Mimi nilikuwa mtaalamu wa mitambo, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuwapo. Maprofesa watatu walitokea kila mmoja kwenye kisanduku chake. Mwenyekiti, mama mwenye mvi, alisalimia kwa adabu, akauliza.

"Mzee, siku ile ya mtihani, mtahiniwa alikuita uje umsaidie?"

"Mtaalamu haitwi. Nilikuja kwa habari za jokofu."

Profesa mmoja akaandika kitu. "Alikuuliza swali lolote?"

"Aniulize? Huyu haulizi mtu. Nilisoma mwenyewe kwenye kioo."

"Alikwambia maneno gani?"

Baba Mkubwa alikohoa. "Alisema nitoke. Mara mbili. Lakini nikaona kuna kosa linaandikwa, siwezi kutoka kosa linaandikwa."

"Kosa gani?"

Akawapa mhadhara. Aliwaeleza kwamba pesa isipotoka hakuna kilichotokea, kwamba dawa ziandikwe mwaka wa kulipa, kwamba yeye alifunga hesabu za idara nzima kwa njia hiyo na hakuna zahanati iliyokufa. Alinyoosha kidole hewani kuonyesha alivyonyoosha siku ile. Profesa mdogo kuliko wote alitaka kumkatiza, mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Alipomaliza, mwenyekiti alisoma mistari miwili ya Mama polepole: mwaka wa kupokea, deni limeshazaliwa.

"Hilo ndilo kosa lenyewe," Baba Mkubwa alisema. "Nilimwambia afute."

"Akafuta?"

"Hajafuta. Huyu mbishi tangu alipoolewa."

Walizima sauti zao. Tuliwaona wakiongea bila kusikika, na mmoja wao, nawaapia, alijificha uso kwa karatasi. Sauti iliporudi, mwenyekiti alizungumza na Mama moja kwa moja. Kamati imeridhika kwamba hakuomba msaada na hakutumia ule aliopewa. Shitaka limefutwa. Masomo yake yote yanabaki. Lakini mtihani ule ulikatika nusu, hauwezi kusahihishwa. Ataurudia wote, upya, wiki tatu zijazo.

"Nashukuru," Mama alisema, na visanduku vikazimika.

Baba Mkubwa alilegeza tai. "Umeona, shemeji. Nilivyowabana, hawakuwa na la kusema. Nimekuokoa."

"Ahsante sana, kaka," Baba akasema.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kushangilia. Nilikuwa nimeshinda, mtego umefyatuka, mzee hata hajui kwamba amenaswa. Lakini niliposikia ile ahsante niliirudisha mikono mfukoni. Yule mzee angeondoka nyumbani kwetu akiwa shujaa. Kufikia jioni shangazi angekuwa amepiga simu.

Mama aliifunga kompyuta. Alizungumza kwa sauti ya ofisini, ile wanayoisikia watu wenye hati mbovu.

"Jibu lako lilikuwa baya, shemeji. Wenzako waliacha kufunga hesabu hivyo zamani, kwa sababu madeni yalikuwa yanafichwa humo. Hilo ni dogo, mtu yeyote anaweza kukosea. Nilikwambia utoke. Ulinisikia. Umewaambia wewe mwenyewe kwamba ulinisikia, mara mbili."

"Nilikuwa nasaidia."

"Nilisema toka. Wiki hizi zote watu wananipongeza kwa kusaidiwa. Nimeamka alfajiri miaka miwili, hakuna aliyewahi kunipongeza kwa hilo." Akasimama. "Sikushukuru. Na hukuniokoa. Ulisema kweli kwa sababu ulidhani inakusifu."

Sijawahi kumwona Baba Mkubwa akikosa la kusema, na naweza kuripoti kwamba anafanana na watu wengine. Alimtazama Baba, akingoja. Baba alitazama ule msumari mtupu wa picha ya babu. Baba Mkubwa akachukua koti lake, akatoka, na safari hii kulikuwa na mwanzo na mwisho wa sentensi: "Mke wako ana kiburi." Gari ikawaka.

Baba alisubiri mpaka mlio wa gari upotee. "Safari ijayo," alimwambia Mama, "nitakaa mlangoni."

"Ulikaa," Mama akasema.

Hakuongeza neno. Ningependa angeongeza. Ningependa angempigia kelele, wakagombana kama majirani zetu, kisha yakaisha. Alianza tu kukunja waya wa kompyuta.

Asubuhi ya kurudia mtihani, Baba aliamka kabla ya wote. Alitoa kiti akakiweka mlangoni mwa sebule, na ukutani alikuwa ameshashusha tena picha ya babu, tuliyokuwa tumeirudisha. Geti lilikuwa na karatasi mpya, mwandiko wake mwenyewe, bila mzaha wowote ndani yake. Alikuwa amekaa pale amenyooka, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Mama alitoka chumbani amevaa viatu vya kazini na mkoba wa kompyuta begani.

"Unakwenda wapi?" Baba aliuliza.

"Ofisini. Nimeomba chumba cha stoo. Kina mtandao, na ufunguo ni mmoja."

"Lakini hapa nimeshaandaa."

"Naona."

"Hataingia mtu leo. Nakuapia. Hata akija yeye."

Mama alisimama mbele ya kile kiti. Nadhani alitaka kumwamini, kwa sababu alichelewa kujibu. "Akija yeye utajua la kumwambia," alisema. "Mwambie. Lakini nisiwepo mimi ndani nikisubiri kusikia."

Akampita. Mimi nilibeba kitabu chake na chupa ya maji, nikatoka nyuma yake. Barabarani fundi wa kuchomelea alizima mashine yake bila kuombwa, akatuangalia tukipita.

Nyuma yetu nilisikia komeo la geti likisukumwa, kisha kufuli. Baba alikuwa amejifungia ndani kulinda sebule tupu. Niligeuka. Mama hakugeuka, alikuwa anatembea haraka, na midomo yake ilikuwa inarudia kitu kimoja baada ya kingine, hatua za kutayarisha bajeti, kwa mpangilio.